Gari ya 4x4 inalia huko chini? Uliza kwanza kelele inafuata nani

Wacha nianze na aibu yangu ndio tusonge. Miaka kadhaa iliyopita Prado yangu ilianza kuguna, ile "wuuu-wuuu" ya chini inayoanza ukifika 60 na kuzidi ukifika 80, nikaipeleka kwa fundi, na fundi hata hakuingia ndani ya gari, alisikiliza tu maelezo yangu, akapiga mlango makofi mawili akasema, "Mkubwa, hiyo ni difu." Nami nikaitikia haraka juu hata mimi nilikuwa nimeshaamua ni difu, lile boksi la gia lililo katikati ya magurudumu. Ikatafutwa difu ya kutoka Japani, ikafungwa, nikalipa, nikatoka kwa geti nikijiskia tajiri, kufika Southern Bypass hapa Nairobi, 60... wuuu-wuuu. Ile ile. Kumbe ni tairi. Tairi mbili za nyuma zilikuwa zimelika kwa mawimbi na zilikuwa zinaimba vile tairi za hivo huimba, na difu yangu ya zamani, nzima kabisa, ilibaki kwa sakafu ya gereji, nikaambiwa nisijali, watanitupia.

Tangu hiyo siku gari ikilia mimi sitaji jina la kitu chochote. Nauliza tu: hii kelele inafuata nani?

Gari ya kuvuta magurudumu yote manne imejaa vitu vya kuzunguka huko chini. Giaboksi, transfa (inayogawa nguvu mbele na nyuma), propela mbili (zile shafti ndefu kutoka transfa mpaka difu), difu mbili, shafti za kupeleka nguvu kwa magurudumu, krosi (maungio ya propela), beringi, tairi. Lakini havizunguki kwa mwendo mmoja na havibebi mzigo wakati mmoja, na hapo ndio kelele hujisaliti. Kuna zile zinazofuata injini, zinazofuata mwendo wa gari, zinazofuata guu lako kwa mafuta, na zinazofuata usukani. Ukishajua yako ni ya wapi utakuwa umeshatoa gari karibu yote kwa orodha ya washukiwa na bado hujashika spana.

Kwanza vile vitu vya aibu

Osha gari. Sifanyi mzaha. Ukitoka Kitengela ama Syokimau msimu wa mvua, ule udongo mweusi wa pamba unaingia ndani ya rimu, unakauka kama simiti, na kesho yake ukifika 80 Mombasa Road usukani unatetemeka unadhani gari inataka kuachana vipande. Nimeona mtu akifanyiwa balansi ya tairi mara mbili na tope liko pale pale, upande wa ndani wa rimu wenye hakuna mtu alijisumbua kuchungulia.

Alafu nati za magurudumu. Kama juzi ulipata panchari ukasaidiwa kando ya barabara, toa spana ya gurudumu ukaze kila nati sasa hivi, juu gurudumu lililolegea hupiga "ko-ko-ko" yenye watu wengi huita krosi, na hiyo si ya kungoja kesho. Baada ya murram angalia pia kijiwe: kikiingia kati ya diski ya breki na lile bati jembamba lililo nyuma yake kinalia "ziiii" mpaka watu wa stage wanageuka, lakini ukirudi rivasi mita chache mara nyingi kinaanguka chenyewe. Bati la ekzosi nalo likilegea huimba kwa spidi fulani ya injini. Ligonge na ngumi ekzosi ikiwa imepoa, utalitambua.

Na wenye Hilux, Surf, Land Cruiser 70 na zingine zenye 4x4 ya kuchagua kwa leva, hebu angalia leva imekaa wapi. Ukikata kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, sasa transfa ikiwa imefunga propela mbili ziende sawa, hakuna wa kumpisha mwenzake. Kwa murram ama tope tairi inateleza kidogo mambo yanaisha, kwa lami haitelezi, kwa hivyo gari inajikaza, inaruka-ruka kwa kona kama imeshikwa shati nyuma, alafu inapiga "ko!" ikijiachilia. Prado ya J120 kama yangu ni 4x4 wakati wote, iko na difu ya katikati inayoruhusu hiyo tofauti, lakini ukiacha leva kwa HL umeifunga na inaanza tabia zile zile. Rafiki yangu alitoka Suswa hivo mpaka Karen akinipigia simu ati giaboksi imekufa. Nilimuuliza tu kuna taa gani imewaka kwa dashibodi, akanyamaza kidogo, akakata simu.

Enda barabarani na daftari

Chagua saa ya watu wachache, mimi hupenda Jumapili asubuhi, Southern Bypass. Zima redio, zima feni, funga madirisha kwanza alafu utayafungua baadaye. Andika vitu vinne tu: kelele inaanza spidi gani, inaisha spidi gani, guu lilikuwa wapi, na gari ilikuwa inaenda moja kwa moja ama inakata kona. Sauti yenyewe iandike vile unaisikia, hii lugha yetu imebarikiwa kwa hiyo, kuna tofauti kubwa ya "tok-tok" na "krrr" na "kwi-kwi" na fundi mzuri ukimsomea ataelewa.

Sasa majaribio, na usiyaruke.

La kwanza ni gari ikiwa imesimama, iko P ama nyutro, breki ya mkono juu. Peleka injini mpaka ile spidi yake ya wakati kelele inatokea. Ikilia, achana na difu na propela, hiyo ni injini, vitu vinavyoning'inia kwa injini kama altaneta na beringi za mikanda, ama sehemu ya giaboksi inayozunguka na injini. Umemaliza, funga daftari.

La pili, kelele ikiwa iko, sema kwa 70, na barabara ni tambarare na tupu mbele na nyuma, tia nyutro uache gari itembee yenyewe. Usizime ufunguo, usukani utakuwa mzito na breki nayo itaanza kukosa nguvu. Kelele ikiendelea vile vile bila kujali, inafuata mwendo wa gari: tairi, beringi za magurudumu, propela, difu. Ikikatika papo hapo, ilikuwa inafuata injini ama mzigo. Wengi hukosea hapa wakidhani nyutro inasimamisha propela. Haisimami, magurudumu yanaizungusha kutoka nyuma, kitu kimetoka ni mzigo peke yake.

La tatu, spidi ile ile kwa gia tofauti. 60 kwa gia ya 3, alafu 60 kwa gia ya 5, ya otomatiki utaibana kwa leva. Sauti ikipanda na kushuka na gia iko upande wa injini na giaboksi, ikibaki vile vile spidi ikiwa ile ile tafuta kutoka transfa kwenda nyuma na mbele.

La nne ni guu. Kanyaga kuvuta, alafu shikilia tu bila kuvuta wala kuachilia, alafu achilia kabisa. Mteremko husaidia, mimi hutumia ile ya kushuka Kona Baridi baada ya Kiserian, unaacha gia ishike gari huku guu liko hewani. Meno ya difu yana nyuso mbili, moja hufanya kazi ukivuta na nyingine ukiachilia, kwa hivyo difu yenye meno yamekwisha huimba kwa moja ya hizo hali na kunyamaza kwa nyingine, mara nyingi wimbo mwembamba kama mbu mkubwa. Tairi haijali guu lako. Beringi ya gurudumu haijali. Kama mimi ningekuwa nimefanya hili jaribio moja ile siku, ile difu ingekuwa bado iko mahali pake.

La tano ni usukani. Kwa 50 ama 60, barabara pana na tupu, yumbisha gari kidogo kushoto, alafu kulia, taratibu si kama dereva wa matatu. Ukienda kushoto uzito unahamia kulia, kwa hivyo ngurumo ikizidi hapo shuku beringi ya kulia kwanza. Si sheria ya Musa, kuna beringi hufanya kinyume, lakini inakupa mahali pa kuanzia na jeki. Na kama kelele iko kwa kona peke yake na beringi zote ni nzima, kumbuka ndani ya difu kuna gia ndogo ambazo huzunguka kikweli wakati wa kona tu.

Kuhesabu

Hii ndio ninaipenda kuliko zote na sijui kwa nini watu hawaitumii.

Chukua tairi ya 265/65R17. Mzunguko wake mmoja ni karibu mita 2.44. Kwa 80 hilo gurudumu linazunguka kama mara 9 kwa sekunde. Propela, kama difu ni ya 3.9, inazunguka mara 3.9 gurudumu likizunguka mara moja, yaani karibu mara 35 kwa sekunde. Sasa punguza mpaka 20. Gurudumu linabaki na mizunguko miwili na kidogo kwa sekunde, propela karibu 9. Kumaanisha kwa 20 kitu kilicho kwa gurudumu unaeza kukihesabu na mdomo: tok... tok... tok... mbili kwa sekunde, kama mtu anayetembea haraka. Kitu cha propela huezi kuhesabu, ni "trrrrr". Kwa hivyo ingia barabara ya mtaa, fungua dirisha, pita karibu na ukuta wa mawe, ukuta hukurudishia sauti vizuri sana, enda 20 na uhesabu. Dakika mbili tu na umeshajua kama unatafuta kwa gurudumu ama kwa shafti.

Mtetemo pia una mahali pake. Ukiuskia kwa usukani shuku magurudumu ya mbele, ukiuskia kwa makalio na sakafu shuku nyuma ama propela.

Na tafuta mtu mwingine aendeshe. Mimi siku hizi humpa mama watoto usukani, nakunja viti vya nyuma, naingia kwa buti nalaza sikio sakafuni, kushoto, kulia, katikati. Mara ya kwanza tulifika mzunguko wa Lang'ata nikaskia, "Baba Shiru, umelala huko?" Nikamwambia nyamaza kwanza nakaribia kuipata.

Sasa lala chini, lakini kwa akili

Hapa naomba usome polepole. Gari ya difu ya kawaida ukiinua gurudumu moja la nyuma, P haishiki tena, juu lile gurudumu la juu liko huru kuzunguka na difu inapitisha mwendo huko. Transfa ikiwa kwa nyutro yake P haishiki kabisa hata magurudumu yote yakiwa chini. Kwa hivyo mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, mahali tambarare, stendi chini ya gari, jeki si stendi. Na usiwashe injini ukatia gia gurudumu moja likiwa juu kwa gari ya 4x4 ya wakati wote, yale mengine yatavuta na gari itaruka kwa stendi.

Anza na mkono. Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kwenda mbele, alafu kurudi nyuma. Ikiwa upande mmoja ni laini na wa kurudi unakwaruza, ama unaskia mabonde na vilima, hiyo tairi inaimba hata kama iko na maua mengi. Dawa ya kuhakikisha ni kubadilisha: za mbele nyuma, za nyuma mbele, endesha tena. Kelele ikihama ama ikibadilika umeipata na hujanunua kitu. Alafu uliza kwa nini ililika hivo, mara nyingi ni shoksi zimechoka ama alaimenti.

Beringi: inua gurudumu, shika juu na chini, sukuma huku ukivuta. Likicheza "tk-tk", kuna nafasi. Kwa mbele mtu akanyage breki ukijaribu tena, kucheza kukiisha ni beringi, kukibaki ni bol-jointi, yale maungio ya kushikilia gurudumu la mbele. Lakini beringi inaeza kunguruma bila kucheza hata kidogo, kwa hivyo kuna kitu nilifunzwa na mzee mmoja fundi na nimekitumia mara nyingi: mwache mwenzako azungushe gurudumu na mkono, wewe shika springi ya koili ya upande huo na vidole. Beringi nzima springi inanyamaza. Iliyokwisha, utaskia kwa vidole kama mchanga unasagwa, "grrr" ndogo sana yenye sikio halipati. Rudia upande wa pili ulinganishe, kulinganisha ndio kila kitu hapa.

Sivi-jointi, yale maungio ya ncha za shafti za magurudumu, ni rahisi. Tafuta parking tupu, kata usukani wote kushoto, zunguka polepole ukivuta, alafu kulia. "Taka-taka-taka" inayoongezeka ukikanyaga ni jointi ya nje. Angalia buti yake ya raba, ikipasuka grisi hurushwa inachora duara jeusi ndani ya rimu. Ukiipata imepasuka na jointi bado hailii, ioshwe, grisi mpya, buti mpya, umeponea. Ikianza kulia buti haikusaidii. Jointi ya ndani yenyewe hailii kwa kona, inatetemesha gari ukivuta kwa nguvu alafu inatulia ukiachilia.

"Ko!" moja ukitoka P kwenda D ama D kwenda R ni nafasi ndogo ndogo zilizojumlishwa: krosi, meno ya propela (pale vipande vyake viwili vinaingiana na kuteleza), difu, maunti za giaboksi (zile raba za kuishikilia), bushi za mikono ya nyuma. Mtu abadilishe gia huku amekanyaga breki kabisa, wewe simama kando, kando si chini, na tochi, uone ni nini kinaruka kwanza.

Krosi kavu hulia kama ndege. "Kwi-kwi-kwi" ukitoka asubuhi polepole, inapotea ukikimbia. Na kama gari inapiga kama mtu ameisukuma kwa nyuma ukishasimama kwa taa, shuku yale meno ya propela yamekauka. Kabla ya kununua chochote pigia nipeli zote grisi, grisi ya lithiamu ya NLGI 2 (hiyo ni namba ya uzito wa grisi) inatosha krosi, kwa yale meno wengi hutia yenye molibdenamu. Meno usiyashindilie mpaka yajae kabisa, propela inahitaji kuingia na kutoka. Gari nyingi sana hapa Nairobi zina nipeli ambazo hazijaguswa tangu zishuke melini Mombasa, zimefunikwa na tope, fundi hajui ziko na mwenye gari hajui ziko.

Ile propela yangu

Hii nitaieleza kwa urefu juu ilinikula wiki tatu. Krosi ya nyuma iliisha kabisa, nikaenda Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, nikanunua krosi (enda na ile ya zamani mkononi, zinafanana macho na zinatofautiana milimita moja), fundi wa mtaa akaniwekea. Alitoa nati nne na spana ya 14, akashusha propela, akaivuta vipande viwili pale kwa meno ili aifanyie kazi vizuri kwa meza, akagonga krosi mpya, akarudisha. Kazi safi, grisi safi. Kufika Outering nikiwa 60 sakafu ikaanza kunung'unika, 80 kiti kikawa kinanikanda mgongo. Nikarudi. Akasema ni balansi ya tairi. Tairi zikabalansiwa. Bado. Akasema maunti. Nikanunua maunti. Bado.

Wiki ya tatu nikalala chini mwenyewe na tochi, kwa parking ya ploti, nikiangalia tu bila kushika kitu. Uma wa mbele wa propela, ule unaoshika krosi, ulikuwa umelala. Uma wa nyuma wa hiyo hiyo propela ulikuwa umesimama. Nikabaki hapo kama dakika nzima grisi ikinidondokea shingoni.

Maelezo ni haya: krosi ikifanya kazi kwa pembe haipeleki mwendo sawa, inaharakisha na kuchelewa mara mbili kwa kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili iko hapo kurudisha kile ya kwanza imeharibu, lakini inaweza hiyo kazi kama uma mbili zimekaa usawa mmoja tu. Ukivuta propela vipande ukarudisha na meno yameruka, badala ya kufutana zinaongezana. Hakuna kitu kimevunjika, kila kitu ni kipya, na gari inatetemeka.

Tulitoa tena, tukazungusha, tukarudisha, nikaenda Thika Road mpaka Ruiru na kurudi, kimya. Siku hizi kabla fundi hajagusa propela nachukua rangi ya kucha ya mama watoto, nachora mstari mmoja kutoka uma mpaka uma kupita kwa meno, na mwingine kwa difu na flanji yake. Rangi ya kucha haitoki na mafuta taa haraka kama chaki. Na usianze kulinganisha kila uma utakaouona, juu kuna propela za mbele zilitoka kiwandani zikiwa hazijalingana makusudi, Land Cruiser 80 ni mojawapo, kwa hivyo sheria ni mstari uliochora kabla ya kufungua.

Oili haidanganyi

Kabla ya kumruhusu mtu afungue difu ama transfa, soma oili. Fungua nati ya kujazia kwanza, ile ya juu, ndio uguse ya kumwagia, juu ukimwaga alafu ugundue ya kujazia imeshika kutu haifunguki utalala hapo. Ingiza kidole, oili inafaa kukaribia mdomo wa tundu. Ikiwa iko chini tafuta sili inayovuja.

Rangi ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Wenye walivuka mafuriko ya Aprili na Mei 2024 wanajua. Difu ikiwa moto ikatumbukia kwa maji baridi, hewa ya ndani inajikunja na kuvuta, na kama ile pumzi yake ya juu, tundu la kupitisha hewa, imeziba na matope inavuta maji kupitia kwa sili. Kwa hivyo ukibadilisha oili safisha na hiyo pumzi, la sivyo utarudi.

Nati nyingi za kumwagia ziko na sumaku. Unga laini wa kijivu kama masizi ni kawaida, futa. Vipande vyenye makali, vya kukwaruza kati ya vidole, ama kipande cha jino, hapo ni kufungua. Difu nyingi huchukua oili ya 80W-90 ya GL-5 (uzito wake na daraja lake, vyote huandikwa kwa mkebe), lakini usimwage GL-5 kwa giaboksi ya manyo, ile ya kubadilisha gia na mkono, bila kusoma kitabu cha gari, nyingi hutaka GL-4 juu dawa za GL-5 zinaeza kula zile pete za shaba. Na difu za kujifunga zenyewe tairi ikiteleza zina oili yake, ukitia ya kawaida zinaanza kuguguna kwa kona na utaanza kutafuta ugonjwa uliouweka mwenyewe.

Wenye Subaru na wengine wa AWD, kitu kimoja: tairi nne zifanane, saizi na kulika pia. Ukiweka mbili mpya na mbili zimebaki kipara difu ya katikati inafanya kazi bila kupumzika kila mita, na dalili ya kwanza huwa ni gari kujikaza ukizungusha kwa parking ya supermaketi.

Ukifika kwa fundi

Usimwambie ni nini. Mwambie inafuata nani. "Inazidi nikifika 60, haijali gia, haijali guu, nikienda kushoto inazidi, kwa 20 nahesabu mbili kwa sekunde." Alafu nyamaza. Ukisema "nadhani ni difu" atakubali, si kwamba ni mwizi, ni kwamba mteja amekuja na jibu na yeye ana gari zingine tano zinamngoja. Na aingie ndani mkaendeshe pamoja, akikataa kuendesha nawe hata kilomita mbili huyo si wa hii kazi. Kitu cha zamani kikitoka kiwekwe kwa buti yako, hata kama ni chuma kibovu.

Kuna hali zenye hutakiwi kufika kwa fundi ukiendesha. Gurudumu moja lina joto kali kuliko mengine matatu baada ya safari fupi (karibisha kiganja bila kugusa, ama rushia tone la maji). Gurudumu linacheza wazi ukilisukuma. Krosi imelegea unaeza kuitikisa na mkono, juu propela ikikatika upande wake wa mbele ikiangukia lami kwa mwendo inaweza kutoboa sakafu ya gari. Hapo ita bredaun, na umwambie mapema ni 4x4 ya wakati wote, alete ile ya kitanda. Akikuja na ya kuning'iniza magurudumu mawili huku mawili yakizunguka lami, mkatae, mlipe mafuta yake ya kuja kama ni lazima, ungoje nyingine.